Urafiki wa Kiingilio Kimoja

Kiingilio kilikuwa kimoja na burudani zilikuwa kumi. Katika kumbi na mabaa ya Dar es Salaam ya miaka ya 1980 na 1990, vikundi vya sanaa za maonyesho kama Muungano, Mandela na baadaye Tanzania One Theatre, ambayo kila mtu aliiita TOT, vilifungua onyesho kwa ngoma: sindimba ya Wamakonde, bugobogobo ya Wasukuma na majembe yake, lizombe ya Wangoni. Ngoma zikitoka, sarakasi ziliingia. Sarakasi zikitoka, kichekesho. Pengine chatu alitolewa sandukuni akavishwa shingoni mwa mchezaji, na watoto waliokaa mbele wakarudi nyuma bila kuambiwa. Likafuata igizo refu la mume mlevi, mke mvumilivu na jirani mfitini, kisha giza lilipotanda ikapanda taarabu, na hapo ndipo watu walipoanza kuinuka kwenda kutunza. Msanii aliyekata kiuno kwenye sindimba ndiye huyo huyo aliyekuwa mkwe mkali kwenye igizo na mwitikiaji kwenye taarabu. Ukumbini hakukuwa na mtu aliyependa yote hayo sawasawa, na hilo ndilo jambo ninalotaka kulijadili.

Tangu maonyesho hayo yafifie, yameombolezwa kama sanaa. Siri Lange, Kelly Askew na Laura Edmondson, wote wageni kwetu, wameyaandikia vitabu na kuyachambua kwa undani ambao magazeti yetu hayajawahi kuukaribia, na aibu hiyo tuimeze kimyakimya. Lakini ipo hasara nyingine ambayo haihesabiwi, nayo ni urafiki. Nashikilia kwamba onyesho la mchanganyiko lilikuwa mahali pazuri kupita pote mjini pa watu wasiojuana kuwa marafiki, na kwamba kilichozaa urafiki huo ni mchanganyiko wenyewe: ule ulazima wa kukaa ukatazama kitu anachokipenda mwenzako huku ukingoja chako. Palipovunjwa mchanganyiko, kila burudani ikapata chumba chake, tulibaki na sanaa nyingi na marafiki wachache. Na mji hauwezi kujivunia sanaa zake huku watu wake wanapita kama hawaonani.

Mfikirie mwanamke wa Buguruni, Mzaramo, mpenzi wa taarabu. Amelipa kiingilio kwa sababu ya mwimbaji mmoja tu. Lakini mwimbaji huyo hapandi jukwaani mpaka usiku, na mlango unafunguliwa alasiri. Pembeni yake amekaa fundi seremala wa Kisukuma aliyehamia mjini mwaka juzi. Bugobogobo inapoingia, fundi anasimama, anajua kila hatua, anajua kwa nini jembe linarushwa juu na kudakwa, na mwanamke yule anamwuliza. Saa tatu baadaye mambo yanageuka: taarabu imepamba moto, watu wanacheka kwa neno ambalo fundi halielewi, na sasa ni zamu yake kuuliza ni nani anayesemwa na kijembe kile, na kwa nini yule mama wa safu ya pili amekwenda kutunza ubeti huo na si ule. Kila mtu alikuwa mwenyeji kwa dakika ishirini na mgeni kwa dakika ishirini nyingine. Sijui mpangilio mwingine wa burudani unaomlazimisha mtu kuwa vyote viwili katika jioni moja. Shabiki wa Simba anayekwenda uwanjani anakaa na mashabiki wa Simba. Anawakuta tayari wamekubaliana naye. Urafiki wa namna hiyo ni mtamu, lakini haumwongezei mtu chochote ambacho hakuwa nacho alipotoka nyumbani.

Kwamba watu wa pwani yetu walijenga urafiki juu ya burudani, tena urafiki wa kuzikana, si jambo la kubuni. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma na jamii Afrika Mashariki, alifuatilia beni, ile ngoma ya gwaride na matarumbeta, tangu miji ya pwani ya Kenya katika miaka ya 1890 hadi ilipotapakaa bara wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Vyama vikubwa vilikuwa viwili, Marini na Arinoti. Marini walijiona watu wa hadhi. Arinoti walikuwa watu wa kawaida, na wote wawili walikuwa na vyeo vya kijeshi vya kujipachika, sare na fahari isiyo na mipaka. Serikali za kikoloni ziliwaona kama watu wanaoiga wazungu, kisha zikaanza kuwatilia shaka, kwa sababu zilitambua jambo ambalo sisi tumelisahau: nyuma ya matarumbeta palikuwa na mtandao wa watu wanaosaidiana. Mwanachama aliyefika mji mgeni aliwatafuta wenzake wa chama. Akiugua, walimwuguza. Akifa, walichanga sanda. Hakuna ukoo uliowaunganisha watu hao, wala kijiji kimoja. Waliunganishwa na kupenda kitu kimoja chenye kelele nyingi.

Wanawake wa Mombasa walikuwa na lao. Margaret Strobel ameeleza habari za vikundi vya lelemama, hasa Banu Saada na Ibinaal Watan, vilivyoshindana kwa miaka mingi kwa mavazi, nyimbo na karamu. Ndani ya vikundi hivyo walikuwamo mabibi wa koo kubwa na wajukuu wa watumwa, watu ambao nje ya lelemama wasingeketi mkeka mmoja. Simaanishi kwamba tofauti zilifutika. Zilibaki, na vyeo vya ndani ya vikundi vilizionyesha. Lakini mtu uliyevaa naye sare moja, ukakaa naye mazoezini usiku kucha, si rahisi tena kumpita njiani kama mti. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wanawake waliotokana na vikundi hivyo ndio walioanzisha vyama vya wanawake wa Kiislamu vya mji huo, vikahimiza elimu ya wasichana na mambo ya maendeleo. Hata hapo ushindani haukuisha, maana vilianzishwa vyama viwili badala ya kimoja. Mwenye kuona dosari hapo na aone. Mimi naona kwamba walikuwa na watu wa kutosha kujaza viwili.

Ushahidi mkubwa kuliko wote uko Dar es Salaam, mwaka 1955. Chama cha TANU kilikuwa na umri wa mwaka mmoja, na mgeni wake kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, aliuliza wako wapi wanawake. Kazi ya kulijibu swali hilo ilimwangukia Bibi Titi Mohamed, ambaye hakuwa mwanasiasa. Alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Hakuanza kwa kubandika matangazo ukutani. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma na taarabu vya mjini, wanawake waliojuana kwa kualikana, kushindana na kutunzana, na kupitia kwao akawafikia wengine. Kwa mujibu wa utafiti wa Susan Geiger, katika miezi mitatu wanawake zaidi ya 5,000 walijiandikisha. Geiger anasisitiza kwamba vikundi vile vilikuwa vya watu wa makabila mbalimbali kabla chama hakijahubiri umoja. Tumezoea kusema kwamba siasa ya utaifa ndiyo iliyotuunganisha. Kwa wanawake wa Dar es Salaam mambo yalikwenda kinyume: walikuwa wameunganishwa na burudani, siasa ikaja ikakuta kazi imekwisha fanyika, ikachukua kadi na vitabu vya kuandikishia. Kama urafiki wa ukumbini ungekuwa mwepesi kama wengi wanavyodhani, usingebeba mzigo ule.

Na si sisi peke yetu. London mwaka 1889, wasanii wa kumbi za mchanganyiko za Waingereza, watu wa nyimbo za kuchekesha, mazingaombwe na sarakasi, walikuwa wakimiliki farasi mdogo wa mashindano na fedha alizoshinda wakizitoa kwa wenzao waliokwama. Siku moja farasi aliloa mvua, dereva wa basi akamfananisha na panya wa maji, na kutokana na mzaha huo likazaliwa jina la chama cha wasanii, Grand Order of Water Rats, ambacho kipo mpaka leo na bado kinachangia wenye shida. Mwaka 1907 wasanii wa kumbi za London waligoma kwa sababu wenye kumbi walitaka maonyesho ya ziada bila malipo ya ziada. Marie Lloyd, nyota aliyelipwa vizuri na ambaye mgomo haukumpa faida yoyote, alisimama nje ya kumbi pamoja na wasanii wadogo. Sishangai. Usiku baada ya usiku alikuwa akipanda jukwaa moja na mcheza sarakasi wa mwanzo wa ratiba, akimwona anavyotoka jasho kwa mshahara mdogo. Nyota wa leo ana onyesho lake peke yake, gari lake, mlango wake wa nyuma. Nani atamfanya amjue mcheza sarakasi?

Pamoja na mchanganyiko kuna jambo la pili lisilopendeza kulitaja kwa sababu linaonekana dogo, nalo ni muda. Mwaka 2018 Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, alichapisha utafiti uliojaribu kupima saa zinazohitajika ili watu wawili wawe marafiki. Alikadiria saa 50 hivi kutoka kufahamiana tu hadi urafiki wa juujuu, saa 90 hadi urafiki wenyewe, na zaidi ya 200 hadi urafiki wa karibu. Vipimo hivyo vilipatikana Marekani na sitaki kuvifanya msahafu, lakini tuvitumie kwa hesabu ya ukumbi wetu. Onyesho la saa nne kila Jumapili linatimiza saa 50 katika majuma 13, na saa 200 katika Jumapili 50, yaani chini kidogo ya mwaka. Sasa chukua tamasha. Tuna matamasha mazuri. Sauti za Busara limekuwa likifanyika Zanzibar tangu mwaka 2004, na Bagamoyo ina lake tangu miaka ya 1980. Tuseme mtu anahudhuria siku tatu, saa sita kila siku. Hizo ni saa 18 kwa mwaka, na mtu uliyekutana naye mwaka huu mtakuwa marafiki wa karibu baada ya miaka 11 na zaidi, mkijaliwa kukaa jirani kila mara. Tamasha ni sherehe, na sherehe huwapendeza zaidi wanaokwenda na marafiki walionao tayari. Urafiki mpya hutaka mazoea: kiti kile kile, muuza karanga yule yule, mshehereshaji mwenye mzaha ule ule uliochosha miezi sita iliyopita. Na mtu asiseme kwamba kutazama jukwaa si kuzungumza. Kumbi zile hazikuwa za kukaa kimya kama wafiwa. Watu walizungumza wakati wa kichekesho, walizungumza na wachekeshaji wenyewe, na sarakasi ilipokuwa ikifungwa kamba walizungumza zaidi.

Mpinzani wa kwanza ataniambia kwamba vikundi hivi vilikuwa vipaza sauti vya chama. Ni kweli, na TOT haikuwahi kujificha: ilianzishwa na CCM mwaka 1992, mwaka ule ule mfumo wa vyama vingi uliporudi, ikaongozwa na Kapteni John Komba, ambaye baadaye alikuwa mbunge. Nyimbo za kusifu zilikuwa sehemu ya ratiba. Lakini hapa mchanganyiko ulifanya kazi ambayo waasisi wake labda hawakuipanga. Katika onyesho lenye vipande vingi, wimbo wa chama ni kipande kimoja. Asiyeupenda aliagiza soda, akangoja kichekesho. Mfuasi wa upinzani hakuhitaji kubadili chama ili amfurahie Khadija Kopa, aliyetoka Culture Musical Club ya Zanzibar na kuwa nyota wa jukwaa hilo. Leo burudani ya siasa tunaipata kwenye mkutano wa kampeni, ambako nyota huja na fulana za rangi moja na mwenye fulana ya rangi nyingine haendi kabisa. Sijui ni nani atakayesema hiyo ni hatua mbele.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kumbi zile zilizaa ugomvi. Mashindano ya TOT na Muungano, Khadija Kopa upande mmoja na Nasma Khamis upande mwingine, yalikuwa ya kupigana vijembe hadharani, na mipasho ya jukwaani iliteremka ikaingia uani, watu wakatunza beti ili kumchoma jirani. Wanawake wengi waliacha kusalimiana kwa sababu ya wimbo. Nalikubali hilo bila kulipunguza. Lakini tazama mpasho unahitaji nini ili uume. Unahitaji jirani awepo ukumbini, alielewe fumbo, na watu wa safu zote wajue habari zenu. Maadui wa namna hiyo wanafahamiana kuliko wapangaji wengi wa leo wa nyumba moja. Tena kila aliyekwenda kutunza hakwenda peke yake. Alikwenda na kundi lake, wamevaa khanga za doti moja, watu wale wale wa kwenye upatu na kwenye kitchen party. Ugomvi ulikuwa na upande wa pili, na upande huo ulikuwa na watu kumi wanaokupenda. Lililo baya kweli ni jingine, nalo halisemwi sana na wanaokumbuka enzi hizo kwa machozi: wasanii wanawake waliitwa wahuni na watu wale wale waliolipa kuwatazama, na malipo yao yalikuwa haba. Urafiki wa watazamaji ulisimama juu ya mgongo wa mtu aliyechoka. Anayetaka kurudisha onyesho na arudishe bila hilo.

Wengine watasema sanaa haijafa, imehama tu, na kijana wa leo ana burudani nyingi kuliko babu yake. Hilo nalo ni kweli, na ndilo linalotia nguvu hoja yangu. ITV ilianza mwaka 1994, na televisheni ikaingia sebuleni. Igizo lilikuwa la kwanza kuhama jukwaani, likaenda kwenye televisheni kisha kwenye filamu za Bongo. Taarabu ikajitenga, ikawa na bendi zake na kumbi zake. Kichekesho kikawa cha mtu mmoja na kipaza sauti. Singeli ikachukua vijana. Sarakasi ikaenda hotelini kuwatumbuiza watalii, na ngoma ikabaki kupokea wageni wa serikali kwenye jua la saa saba. Kila kimoja kina afya yake, na vingine vina afya nzuri. Lakini mama wa taarabu hamwoni tena kijana wa singeli, na kijana hamwoni fundi wa bugobogobo. Simu imemaliza kazi hiyo vizuri zaidi, kwa sababu imejifunza unachokipenda na inakuletea hicho hicho mpaka usinzie. Haijawahi kukulazimisha kungoja dakika ishirini za mwenzako. Makundi ya WhatsApp? Yanafaa, tena yanafaa sana kulea urafiki uliokwisha kuwepo. Michango ya misiba ya mji huu isingekwenda bila hayo. Ila mtu huingizwa kwenye kundi na mtu anayemjua. Ukumbini aliingizwa na tiketi.

Na uhitaji haujapungua, umeongezeka. Sensa ya mwaka 1988 ilihesabu watu milioni 1.36 katika mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu milioni 5.38. Watu hao hawakuzaliwa wote hapo. Wamekuja kutoka kila pembe ya nchi, wamepanga Mbagala, Goba, Chanika na Kivule, wanaondoka alfajiri na kurudi usiku. Mahali pa kumkuta mtu asiye wa kabila lako, kazi yako wala ibada yako, na kukaa naye saa nne kwa hiari, pamebaki pawili patatu. Baa ni mojawapo, lakini baa inamtenga mtoto, na inamtenga mwanamke asiyetaka kuambiwa maneno. Onyesho la alasiri liliwachukua wote watatu, mtoto, mama na mzee, na pengine ndiyo sababu wengi waliokua wakati huo bado wanawasalimia wazee ambao hawana undugu nao.

Nisieleweke kwamba nataka serikali iunde kikundi. Ilikwisha kufanya hivyo. Baada ya uhuru ilikuwa na kikundi cha taifa cha ngoma, ikawapeleka vijana China katikati ya miaka ya 1960 kujifunza sarakasi, ikaongeza maigizo, na ilipofika karibu na mwaka 1980 vyote vikavunjwa na nafasi yake ikachukuliwa na chuo cha sanaa Bagamoyo. Mashirika ya umma nayo yalikuwa na vikundi vyao, mpaka mashirika yenyewe yalipokosa fedha za kujiendesha. Muungano ya Norbert Chenga ilikuwa kikundi binafsi kilichoishi kwa viingilio, na iliishi muda mrefu kuliko vingi vya serikali. Somo liko hapo. Wasanii wapo, Bagamoyo inawatoa kila mwaka. Wapenzi wapo. Kinachokosekana ni paa, kiti na siku ya kudumu kwa bei ambayo mama mwenye watoto wawili anaiweza. Kumbi za jamii ambazo zingetoa hivyo zimegeuzwa kuwa za harusi, ambako hakuna anayeingia bila kadi, au zimegeuzwa maghala. Ukumbi wa Anatouglo pale Mnazi Mmoja, ambamo mwaka 1953 Julius Nyerere alichaguliwa rais wa TAA, chama kilichoitangulia TANU, unatukumbusha kwamba watu wa mji wakipewa chumba kikubwa watakitumia kwa mengi zaidi ya waliyokusudia wajenzi.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo na lina anwani. Dar es Salaam ina halmashauri tano: Jiji, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Kila moja itenge ukumbi mmoja, kila Jumapili, kuanzia saa tisa alasiri hadi saa moja usiku, kwa vikundi vitakavyokubali sharti moja tu: ratiba iwe na ngoma, kichekesho, sarakasi, igizo na muziki, vyote, kwa kiingilio kimoja. Fedha za kuanzia zipo kisheria. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya kila halmashauri hutengwa kwa mikopo ya vikundi, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na kikundi cha sanaa ni kikundi kama cha wafuga kuku. Wasanii walipwe siku hiyo hiyo kabla taa hazijazimwa. Na wewe msomaji uliyekuwa na kiti chako katika ukumbi wa Vijana Kinondoni au wa Amana, unamkumbuka aliyekuwa akikaa kiti cha pili. Kama namba yake unayo, mpigie mwende pamoja kumwona diwani wenu.